Skrini Nyeusi Kabla Linux Haijawaka: Soma Ujumbe Kabla Hujafuta Diski

Kompyuta ya Linux ikigoma kuwaka na kukuachia skrini nyeusi yenye maneno machache ya Kiingereza, ushauri utakaoupata upesi kwenye vibanda vya mafundi, iwe Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, ni kupiga mfumo upya. Ushauri huo una mantiki yake, na huko mbele nitautendea haki. Lakini kwa sehemu kubwa ya ujumbe unaotokea katika hatua hii, kuufuata ni kupoteza mali bure. Tasnifu yako, hesabu za duka, picha na matokeo ya wanafunzi mara nyingi bado viko palepale kwenye diski, vizima. Kilichokatika ni njia ya kuvifikia, na ujumbe ulio kwenye skrini, hata uonekane wa ajabu namna gani, unataja njia imekatikia wapi. Anayeusoma neno kwa neno anaweza kuirudisha kompyuta kazini kwa amri nne au tano. Anayeupuuza anafuta ushahidi pamoja na kazi yake.

Ili ujumbe uwe na maana, elewa kwanza kwamba kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Inaanza kuamka programu iliyo kwenye bodi kuu, inayoitwa BIOS kwenye mashine za zamani na UEFI kwenye za sasa. Hiyo inatafuta diski na kuikabidhi kazi programu ya kuwashia mfumo, ambayo kwenye Linux nyingi ni GRUB. GRUB nayo inasoma mafaili yake kwenye folda ya /boot/grub, inaonyesha menyu, kisha inapakia keneli pamoja na mfumo mdogo wa muda unaoitwa initramfs. Hao wawili wanaitafuta patisheni yenye mfumo wenyewe, na wakiipata wanamkabidhi systemd kazi ya kuamsha huduma zote mpaka ukurasa wa kuingilia. Ukipigiwa simu kwamba basi la Mbeya kwenda Iringa limekwama, swali lako la kwanza ni limekwama wapi: Igawa, Makambako au Mafinga? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani atumwe na abebe nini. Ndivyo ilivyo hapa. Kabla ya kuuliza tiba, uliza aliyeandika ujumbe ule ni nani kati ya hao wanaopokezana, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kuongea, na aliyefikia kuandika amethibitisha kwamba waliomtangulia walimaliza kazi yao salama.

Namna hizo za kuongea zinatambulika. Maneno kama "No bootable device" au "Operating System not found" ni ya BIOS au UEFI, na maana yake ni kwamba GRUB haijafikiwa kabisa; kuhangaika na GRUB hapo ni kupoteza muda. Neno "GRUB" lenyewe, au "grub rescue>" au "grub>", linaonyesha kwamba diski imepatikana. Mabano yenye "(initramfs)" pembeni yanaonyesha kwamba GRUB imemaliza kazi yake vizuri, keneli imepakiwa, na tatizo liko kwenye patisheni ya mfumo. Na ukisoma "You are in emergency mode", umeshafika kwa systemd: mara nyingi faili la /etc/fstab linataja diski ambayo haipo, kwa mfano diski ya nje uliyoichomoa. Mtu anayetambua haya manne peke yake ameshapunguza kazi kwa robo tatu, hata kama hajui amri yoyote.

Lakini kwa nini ujumbe wa GRUB uwe mfupi na mkavu kiasi kile? Sababu yake inasaidia kuusoma. Kwenye mashine za BIOS, kipande cha kwanza cha GRUB kinakaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, 64 ni za jedwali la patisheni na 2 ni za sahihi ya mwisho, hivyo kwa programu yenyewe zinabaki zisizozidi 446. Hakuna nafasi ya maelezo. Ndiyo maana kipande hicho kina maneno machache tu ya kuunganisha: "Geom", "Hard Disk", "Read" na "Error". Ukiona "GRUB Read Error", hiyo ni taarifa kamili katika nafasi iliyokuwepo: nimeamka, nimejaribu kusoma sekta zinazofuata, diski imekataa. LILO, programu iliyotangulia GRUB kwenye Linux nyingi, ilikuwa na ufupi zaidi. Iliandika herufi moja moja za jina lake kila ilipovuka hatua, na fundi alijua ilipokwama kwa kuhesabu herufi zilizotokea. Kwa hiyo ufupi wa ujumbe usikutishe. Aliyeuandika alilazimika kuchagua kila neno, nawe unapaswa kuliheshimu kila neno.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho, kwa sababu ndio unaowapata wengi wenye laptopu za mtumba zilizowekwa Windows na Linux pamoja kwa mtindo wa BIOS. Mwenye kompyuta anaingia Windows, anaona nafasi ya C imejaa, anafuta patisheni ya D ili aipanue. Anawasha upya na kukuta:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Soma kama ulivyoandikwa. Haujasema diski imekufa, wala kwamba Linux imefutika. Umesema patisheni iliyokuwa ikitafutwa haipo. GRUB iliandikiwa siku ya kwanza kwamba mafaili yake yako, tuseme, patisheni namba 6. Baada ya D kufutwa, namba zikasogea na ile iliyokuwa 6 sasa ni 5. Mafaili hayajaguswa, ila anwani imepitwa na wakati. Andika ls kisha bonyeza Enter, nayo itakuorodheshea inazoziona, kwa mfano (hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1). Ichungulie moja baada ya nyingine kwa ls (hd0,msdos5)/ bila kusahau mkwaju wa mwisho. Itakayokujibu kwa majina ya folda kama boot, etc na home ndiyo unayoitafuta. Ukishaipata, andika:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu itarudi. Linux ikishawaka, kazi haijaisha, kwa maana ulichofanya kitadumu kwa safari hiyo moja tu. Fungua dirisha la amri, tumia lsblk kuhakikisha jina la diski, kisha andika sudo grub-install /dev/sda ikifuatiwa na sudo update-grub, ili anwani mpya iandikwe mahali pake. Angalia kwamba hapa inatajwa diski nzima, /dev/sda, bila namba ya patisheni. Kosa la kuongeza namba hiyo ni la kawaida na linaleta matatizo mengine. Kama folda ya boot ina patisheni yake pekee, utakachokiona ni folda ya grub moja kwa moja, na prefix itakuwa (hd0,msdos1)/grub badala ya /boot/grub. Kwenye diski zenye mpangilio mpya neno msdos hubadilika kuwa gpt. Amri zenyewe zinabaki zilezile.

Hapa kuna pingamizi la haki. Msomaji atasema: mbona nilipochungulia patisheni nyingine nilijibiwa "error: unknown filesystem", nami najua ni ya Windows na ni nzima? Je, ujumbe hauwezi kudanganya? Haudanganyi, ila unasema kidogo kuliko unavyodhani. GRUB ikiwa katika hali ya uokoaji inabeba uwezo wa kusoma mpangilio mmoja tu wa mafaili, ule uliotumika kwenye patisheni yake yenyewe. NTFS ya Windows haiijui kwa wakati huo, hivyo inasema haiijui. Haikusema imeharibika. Tofauti kati ya "siijui" na "imeharibika" ndiyo tofauti kati ya kompyuta iliyopona na kompyuta iliyofutwa, kwa sababu fundi mwenye haraka akiliona neno hilo anaweza kuamua kuifomati. Vivyo hivyo "grub>" ikitokea pamoja na sentensi ndefu inayoanza na "Minimal BASH-like line editing is supported", usitafute kosa ndani ya sentensi hiyo. Ni salamu ya kawaida tu. GRUB imefika nzima, inaweza kusoma, ila haikulikuta faili la menyu, grub.cfg. Hali hii ni nyepesi kuliko ile ya rescue, ingawa kwa macho zinafanana.

Ushahidi mzito zaidi wa kwamba ujumbe usomwe neno kwa neno ulitokea mwaka 2020. Tarehe 29 Julai mwaka huo lilitangazwa pengo la usalama ndani ya GRUB lililopewa jina BootHole, na wasambazaji wa Linux wakatoa masasisho kwa haraka. Baadhi ya kompyuta zilizosasishwa zikawashwa upya na kukutana na "error: symbol 'grub_calloc' not found". Kwa asiyeusoma vizuri, huo ni ugonjwa usio na jina. Lakini ujumbe unasema kwamba kitu kiitwacho grub_calloc kimeitwa na hakikupatikana. Aliyekiita ni moduli mpya zilizokuja na sasisho, zilizo kwenye /boot/grub. Aliyepaswa kuwa nacho ni kipande cha zamani cha GRUB kilichobaki mwanzoni mwa diski, kwa kuwa mfumo uliandika sasisho kwenye diski nyingine, au haukuandika kabisa. Nusu mpya, nusu ya zamani. Tiba ni kuwasha kwa flashi ya Linux, kuingia kwenye mfumo uliolala na kuendesha grub-install kwenye diski inayowasha kweli. Ujumbe uliokuja mwaka uliofuata, unaotaja grub_is_lockdown, ni ndugu wa huo na tiba yake ni hiyohiyo. Aliyeelewa wa kwanza hakuhitaji kufundishwa wa pili.

Tarehe 13 Agosti 2024 likaja tatizo jingine kutoka upande wa Windows. Sasisho la mwezi huo, lililolenga kuzuia matoleo ya GRUB yenye pengo lililosajiliwa kama CVE-2022-2601, liliziacha kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zikiandika "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation" na kufuatiwa na maneno ya kutisha, "Something has gone seriously wrong". Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyowatia watu hofu, na ndiyo yasiyobeba taarifa yoyote. Taarifa iko kwenye mstari wa kwanza: shim, yaani kipande kidogo kinachoitangulia GRUB kwenye mashine zenye Secure Boot, kimekaguliwa na toleo lake kuonekana la zamani. Hakuna kilichoharibika kwenye diski. Unaingia kwenye mipangilio ya UEFI, unazima Secure Boot, unawasha Linux, unaandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, unawasha upya ili kuingia Linux tena, unasasisha mfumo, kisha unairudisha Secure Boot. Tahadhari moja usiiruke: kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya ikuombe ufunguo wa kurejesha. Uwe nao mkononi kabla hujagusa chochote.

Sasa tuje kwenye hali yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambako maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya ofisi za Ulaya hayatoshi. Mgawo wa umeme wa mwaka 2023 ulipungua makali baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, lakini radi za msimu wa mvua bado zipo, na umeme unaokatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika chache bado upo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, mkatiko huo unaacha alama mbili tofauti, na wengi wanazichanganya. Ya kwanza haina madhara. Ubuntu ina utaratibu unaoitwa recordfail: GRUB inapoanza safari inaweka alama, na mfumo ukifika salama alama inafutwa. Umeme ukikatika katikati ya kuwaka, alama inabaki, na safari inayofuata unakuta menyu ambayo hukuizoea, imesimama sekunde 30 kabla ya kuendelea. Watu hudhani mashine imeganda, wanaizima kwa nguvu, alama inabaki tena, na mzunguko unaanza upya. Wewe subiri tu, au bonyeza Enter. Kama ni seva ya shule isiyo na mtu wa kuikalia, ongeza mstari GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5 kwenye /etc/default/grub, kisha sudo update-grub. Jamaa wa alama hiyo ni "error: diskfilter writes are not supported", uliosumbua sana watumiaji wa Ubuntu 14.04 wenye diski za LVM au RAID. GRUB ilikuwa inasema tu kwamba haiwezi kuandika alama yake kwenye diski ya aina hiyo. Baada ya sekunde chache inaendelea yenyewe.

Alama ya pili ndiyo ya kushughulikia. Skrini inaandika "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY" na kukuacha kwenye "(initramfs)". Hapa GRUB haihusiki hata kidogo. Wanaoanza kwa kuipiga GRUB upya wanatibu mguu wa mtu anayeumwa jino. Umeme ulikatika mfumo ukiwa unaandika, na daftari la ndani la mpangilio wa mafaili wa ext4, ambalo kazi yake ni kurekebisha mambo kama hayo, safari hii halikutosha. Ujumbe wenyewe unakutajia jina la patisheni, mfano /dev/sda2, na unakutajia hata dawa. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, kisha exit. Kwa kawaida kompyuta inawaka palepale. Lakini kabla ya kuandika amri hiyo, panda juu kidogo kwa macho. Ukiona mistari yenye "I/O error" ikijirudia, simama, kwa sababu hiyo ni habari nyingine kabisa na nitaifikia.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika kwenye mashine za mtumba: ile betri ndogo ya duara kwenye bodi kuu, CR2032. Ikiisha, mipangilio ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani kila umeme unapokatika, na ujumbe unaozaliwa na hapo hauna hata neno moja linalotaja betri. Linux iliyowekwa kwa mtindo wa zamani inaambiwa iwashwe kwa mtindo wa UEFI, na skrini inaandika "No bootable device". Au mpangilio wa diski unahama kutoka AHCI kwenda RAID, na initramfs inaandika "ALERT! UUID=... does not exist" ilhali diski ipo na ni nzima. Au saa inarudi nyuma miaka, na fsck inalalamika kwamba "Superblock last mount time is in the future". Ujumbe wa aina tatu tofauti, chanzo kimoja cha bei ndogo. Kinachouunganisha ni saa: ingia kwenye BIOS, tazama tarehe. Ikiwa si ya leo, umempata mhusika kabla hujafungua skrubu hata moja.

Sasa niutendee haki ushauri wa kupiga upya. Wanaoutetea wanasema fundi analipwa kwa kazi iliyokamilika, na kupiga mfumo upya kunachukua muda unaojulikana, ilhali kuchunguza ujumbe kunaweza kula siku nzima. Hoja hii ni nzito kwa kompyuta isiyo na kitu cha thamani ndani yake, kama zile za maabara ambazo mafaili yote yako kwenye seva. Hapo piga upya, wala usijilaumu. Lakini kwa kompyuta ya mtu binafsi hesabu inageuka. Ubuntu ya mezani ya toleo la 24.04 ni zaidi ya GB 5 za kupakua, na baada yake kuna masasisho, programu, mipangilio ya printa na nywila zote. Kwa anayenunua bando, gharama hiyo ni halisi. Zaidi ya hayo, kupiga upya hakuondoi chanzo. Betri ya CR2032 iliyokufa itaurudisha ujumbe uleule umeme ukikatika tena, na diski inayokufa itaendelea kufa chini ya mfumo mpya. Kuhusu zile programu zinazorekebisha GRUB zenyewe kama Boot-Repair, sizipingi. Ila zitumie baada ya kujua ujumbe ni wa nani, kwa maana zinaweza kuandika mahali ambapo hukukusudia, hasa kompyuta ikiwa na diski zaidi ya moja.

Na kuna ujumbe ambao mimi mwenyewe nasema usirekebishe chochote. "GRUB Read Error", "I/O error" inayojirudia, au "failed command: READ" kutoka kwa keneli ni kauli za diski inayoshindwa kusoma. Kila amri ya ukarabati, ikiwemo fsck, inaiongezea kazi. Angalia waya wa diski kwanza, maana kwenye kompyuta za mezani mara nyingine umelegea tu. Ukiwa sawa, washa kwa flashi, nakili mafaili yako kwenye diski nyingine ukianza na yale usiyoweza kuyapata tena, ndipo utumie smartctl -a /dev/sda kuona afya yake. Mpangilio ni huo: nakala kwanza, uchunguzi baadaye. Usichanganye hili na "attempt to read or write outside of disk 'hd0'", ambao unafanana kwa kutisha ila una maana ya utulivu zaidi. Mara nyingi BIOS ya zamani haiwezi kusoma zaidi ya GB 137, na kwenye diski mpya kubwa uliyoiweka faili la keneli limeangukia ng'ambo ya mpaka huo. Dawa ni patisheni ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski.

Limebaki pingamizi la lugha, nalo ni la kweli. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, lakini skrini hii nyeusi imebaki na Kiingereza chake. Je, tunamtaka mwalimu wa Tukuyu au mfanyabiashara wa Mafinga asome Kiingereza cha kifundi? Jibu langu ni kwamba ujumbe huu hauhitaji mtu ajue lugha sana. Unahitaji aunakili bila kubadilisha. Anayemwambia fundi "imeandika error" hajasema kitu. Anayemwonyesha "no such partition" amesema karibu kila kitu. Hili lina uhusiano na wazo lililojaribiwa palepale Iringa: mwaka 2007 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, akiwemo Matti Tedre. Msingi wake ulikuwa kwamba mafunzo yaanzie kwenye mazingira ya mwanafunzi, umeme wake, vifaa vyake na mtandao wake. Naona wazo hilo lilikuwa sahihi, na lingefaa liingie mpaka kwenye vibanda: fundi wa hapa anayejua kwamba umeme wa jana ulikatika mara tatu tayari ana nusu ya jibu, akikubali tu kuusoma ujumbe unaompa nusu ya pili.

Kwa hiyo jiandae siku kompyuta ikiwa nzima. Tengeneza flashi moja ya Linux na uijaribu kweli kama inawasha. Ile ya Debian ya kusakinishia kupitia mtandao haifiki GB 1 na ina sehemu ya uokoaji ndani yake. Andika matokeo ya lsblk -f kwenye karatasi au uyapige picha, ili siku ya tatizo ujue patisheni ipi ni ya nini. Kama umesasisha mfumo na Windows ikatoweka kwenye menyu, usiogope: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu kwa GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub. Na siku skrini ikikaa nyeusi, ipige picha kwa simu kabla hujabonyeza chochote, mistari yote kuanzia juu. Ukimpelekea fundi, mwonyeshe picha hiyo kwanza, na umwombe asifute kitu mpaka akueleze ni mstari upi uliomfanya aamue kufuta.